Ramani za Treni Zisizokuwepo

Chini ya Central Parkway, barabara pana inayokata jiji la Cincinnati nchini Marekani, kuna stesheni ambazo hazijawahi kupokea treni hata moja. Majukwaa yapo. Ngazi zipo. Handaki lenyewe lina karibu miaka mia moja na bado limesimama, zege imara, njia mbili sambamba, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Kilichokosekana ni reli, umeme, treni na abiria. Yaani kila kitu isipokuwa shimo.

Naanzia huko mbali kwa sababu ya mchezo ambao vijana wengi wa miji yetu wanaujua, hata kama hawautangazi: kuchora metro ya mji wako. Si ya Nairobi, hiyo kila mtu ameshaichora. Naongea juu ya Kisumu, Nakuru, Eldoret, Thika. Unafungua programu ya kuchorea kwenye simu au laptopu, unapitisha laini nyekundu, unapitisha ya buluu, unaweka viduara vyeupe pale zinapokutana. Ukimaliza unatuma kwenye grupu ya WhatsApp na kelele zinaanza. Mbona Kondele haina stesheni? Nani ameipa Milimani vituo viwili na kule kila nyumba ina gari? Na hii laini ya kwenda Riat, inapanda kile kilima kwa nguvu za nani?

Watu wazima huona ni kupoteza bando. Mimi naona ni siasa iliyovaa rangi za kupendeza. Na tena mitandao ya kubuni haikuanza na vijana wa simu. Ilianza na mainjinia, mameya na wapiga kura, na wengine walilipia ndoto hizo hadi uzeeni.

Kwanza lugha yenyewe ya michoro hii. Tuliirithi kutoka kwa Harry Beck, mchoraji wa mitambo aliyefanya kazi na shirika la treni za chini kwa chini la London. Mwaka 1931 alichora ramani iliyopuuza umbali wa kweli. Alinyoosha njia zote, akaruhusu mielekeo michache tu, wima, mlalo na mshazari wa digrii 45, akatenga vituo kwa nafasi karibu sawa, kama saketi ya umeme. Wakubwa waliikataa kwanza. Mwaka 1933 ilichapishwa na abiria wakaipenda papo hapo, maana mtu aliye ndani ya treni hajali barabara ya juu imepinda vipi. Anataka kujua ashuke wapi.

Ubora wa mchoro wa Beck ndio hatari yake pia. Ukishaondoa umbali umeondoa pia milima, mito, mashamba na nyumba za watu. Ukurasa ni mweupe na laini inapita popote. London walichora hivyo baada ya treni kuwepo. Sisi tunachora kabla, na weupe wa ukurasa unatudanganya kwamba ardhi nayo ni nyeupe.

Sasa turudi Cincinnati. Sensa ya 1920 ilihesabu watu 401,247 katika mji ule. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu watu 397,957 mjini Kisumu. Tofauti ni watu elfu tatu na kidogo. Kwa hiyo mtu akikucheka ati Kisumu ni ndogo mno hata kuwaza metro, mwambie kuna mji wa ukubwa uleule uliochukua jembe ukachimba.

Mambo yalianza na mfereji. Katika karne ya 19 Mfereji wa Miami na Erie ulipita katikati ya mji, ukileta mashua za mizigo zilizokokotwa na wanyama. Wajerumani waliohamia upande wa kaskazini wa mfereji waliuita Rhine kwa utani, kama ule mto wa kwao, na mtaa wao unaitwa Over-the-Rhine hadi leo. Reli zilipoingia, mashua zikakosa kazi na maji yakabaki kutuama na kunuka. Mwaka 1884 gazeti moja la mjini, The Graphic, lilichapisha wazo pamoja na mchoro wake: toa maji, weka treni ndani ya ule mtaro, funika, kisha tandika barabara nzuri juu. Mchoro ule ni babu wa ramani zote tunazotumiana usiku.

Ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla ya mchoro kugeuka kuwa kura. Mpango uliokubaliwa ulikuwa wa mzunguko wa kilomita kama 26, ukitoka katikati ya mji, ukifuata mfereji kuelekea kaskazini, ukizunguka vitongoji vya mashariki na kurudi mjini. Kwa nini mzunguko? Kwa sababu wakati huo vijiji na miji ya jirani viliunganishwa na treni ndogo za umeme, na nyingi kati ya hizo zilikwama pembeni mwa mji. Reli za tramu za ndani zilikuwa na upana tofauti, basi treni za nje hazikuweza kuingia. Abiria alishushwa nje, akahamia tramu, akafika kazini amechelewa na amenuna. Yeyote aliyewahi kushushwa Muthurwa na bado ana kipande kirefu cha kutembea anaelewa. Mzunguko ungewapokea wote hao na kuwaingiza mjini moja kwa moja.

Aprili 1916 wananchi walipiga kura kuruhusu mji ukope dola milioni 6. Waliosema ndiyo walikuwa zaidi ya mara mbili ya waliosema la. Mwaka uliofuata Marekani ikaingia vitani na mikopo ya namna hiyo ikasimamishwa. Ujenzi ulianza Januari 1920, na kufikia hapo bei za vifaa na vibarua zilikuwa zimeruka juu sana. Zile dola milioni 6 hazikuweza tena kununua ule mzunguko uliochorwa. Ziliweza kununua kipande chake.

Wakachimba hicho kipande. Handaki la kilomita tatu na nusu hivi, stesheni, na sehemu za juu ya ardhi zilizosawazishwa tayari kwa reli. Mwaka 1927 pesa zikaisha. Meya mpya, Murray Seasongood, alikuwa ameingia 1926 na kundi la wanamageuzi waliokuwa wamechoshwa na siasa za mabwanyenye wa chama kilichotawala mji kwa miaka mingi, na mradi huu ulinukia kwao harufu ya watu walewale. Hakuna aliyetaka kurudi kwa wapiga kura kuomba mamilioni mengine. Oktoba 1928 barabara ya juu ikafunguliwa kwa shangwe. Watu walisherehekea kifuniko cha sufuria.

Kuna maelezo ya kawaida ambayo utayapata kila mahali: vita, siasa chafu, magari. Yote ni kweli, lakini naona yanakosa kitu. Ramani ya mzunguko ilichorwa kwa ajili ya abiria wa 1910. Ile miaka waliyokuwa wakisubiri na kuchimba, kampuni za treni ndogo za umeme zilikuwa zinafilisika moja baada ya nyingine, kwa sababu watu wa vijijini walikuwa wananunua gari la Ford. Yaani wakati handaki linafika mwisho, yule abiria aliyeshushwa pembeni mwa mji amenuna alikuwa tayari ana usukani mkononi. Mji ulijenga mlango mkubwa kwa ajili ya wageni ambao hawakuwa wakija tena, na hakuna aliyethubutu kuchora upya.

Deni halikujali. Mji uliendelea kulipa hadi 1966, na pamoja na riba ilifika zaidi ya dola milioni 13. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa ile kura alikuwa na miaka 50 walipomaliza, na pengine alilipa kodi maisha yake yote kwa treni ambayo hakuwahi kuiona. Mwaka 1957 walipitisha bomba kubwa la maji ndani ya handaki. Miaka ya 1960 stesheni ya Liberty Street ikageuzwa kuwa mahali pa kujificha endapo Warusi wangerusha bomu la nyuklia. Mwaka 2002 ukaja mpango mwingine mkubwa wa treni na mabasi, ungelipiwa kwa kodi ya mauzo, na wapiga kura wakaukataa kwa zaidi ya wawili kwa mmoja. Ukiwauliza mimi nitawatetea. Babu zao walishanunua tiketi.

Lakini kuna sehemu ya hadithi hii ambayo wapenzi wa mahandaki huiruka, na mimi siwezi. Pesa za usafiri hazikukosekana Cincinnati. Zilikwenda kwingine. Barabara kuu ya kitaifa, Interstate 75, ilipitishwa upande wa magharibi wa mji, ikameza hata stesheni za juu ya ardhi zilizokuwa zimejengwa kaskazini. Pamoja na ubomoaji wa mtaa wa Kenyon-Barr ulio kandokando yake, zaidi ya watu 25,000 walihamishwa, karibu wote Wamarekani weusi. Kwenye mchoro wa mainjinia ile pia ilikuwa laini tu kwenye karatasi nyeupe. Nani alikuwa akilala chini ya laini hiyo haikuandikwa.

Mji mwingine, Rochester katika jimbo la New York, ulifanya mchezo uleule kwenye mfereji wake wa zamani na ukafaulu kuendesha treni kuanzia 1927. Ziligoma kupata faida, zikafungwa 1956, na sehemu ya njia ikawa barabara ya magari. Njia ilifuata mfereji, na mfereji ulichimbwa kwa ajili ya mashua za unga, sio kwa mtu anayewahi kazini saa mbili. Nawataja kwa sababu sisi pia tuna mtindo huu wa kusema "reli ya Mzungu si ipo, tuitumie tu." Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 kuitafuta meli ya kuvuka ziwa kwenda Uganda. Haikuwa na haja na Nyalenda wala Mamboleo. Unaweza kuitumia, sikatai, ila ujue ilikuwa inaelekea wapi.

Kuna mji mmoja wa wastani ambao ulitaka metro, ukakosa hela, na badala ya kuchimba ukafikiria. Curitiba, kusini mwa Brazil, ulikuwa na watu kama 609,000 mwaka 1970. Nakuru mjini, sensa ya 2019, ni 570,674. Meya wake kuanzia 1971 alikuwa Jaime Lerner, msanifu majengo, na hoja yake ilikuwa rahisi: metro inasifiwa kwa sababu ina njia yake isiyoingiliwa, inakuja mara kwa mara, na unapanda haraka. Hakuna hata moja kati ya hayo inayohitaji shimo. Mwaka 1974 mabasi ya kwanza ya Curitiba yakaanza kukimbia kwenye njia zao peke yao katikati ya barabara kuu. Mwaka 1991 zikaja stesheni za vioo zenye umbo la bomba, unalipia mlangoni kabla basi halijafika, na sakafu ya stesheni iko sawa na sakafu ya basi. Baadaye mabasi ya vipande vitatu yaliyoungana.

Siri yao nyingine haionekani kwenye ramani. Mji ulipanga maghorofa marefu yajengwe kandokando ya njia za mabasi, na kwingine yabaki mafupi. Mji ukakua kwa mistari. Kwa kawaida mchoraji huutafuta umati kisha anapitisha laini. Curitiba walipitisha laini, kisha wakauita umati.

Bogotá waliiga, TransMilenio ikaanza Desemba 2000. Dar es Salaam wakafuata na mabasi ya mwendokasi Mei 2016. Ila wanaoisifu Curitiba kwenye makongamano husahau kutaja kwamba Brazil wakati ule ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, na Lerner aliteuliwa, hakuchaguliwa. Mwaka 1972 alifunga barabara kuu ya maduka kwa magari ndani ya wikendi moja, kabla wafanyabiashara hawajajipanga kupinga. Fikiria gavana yeyote wa kwetu ajaribu hiyo kitu Ijumaa jioni. Cincinnati watu waliulizwa, Curitiba hawakuulizwa, na ni Curitiba inayosafiri vizuri. Hilo linanisumbua na sitajifanya nina jibu la haraka.

Nairobi tuko mahali fulani katikati. Tuna laini tano za mabasi ya mwendo kasi zilizopewa majina ya wanyama: Ndovu, Simba, Chui, Kifaru, Nyati. Ramani ilikuwa tamu, rangi zote za Beck zikiwa mahali pake. Mstari mwekundu ulipakwa Thika Road kabla ya basi hata moja kuonekana, na makanga wakaendelea na shughuli zao juu ya rangi kama kawaida. Cincinnati walipata shimo, sisi tukapata rangi. Angalau rangi ni bei nafuu.

Na bado, Nairobi ndiyo iliyozaa ramani ninayoiheshimu kuliko zote hizi. Mwaka 2014 mradi wa Digital Matatus, uliowaleta pamoja Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo viwili vya Marekani, MIT na Columbia, ulitoa ramani ya matatu za jiji. Wanafunzi walipanda gari moja baada ya jingine wakiwa na simu, wakirekodi kila steji. Njia zaidi ya 130. Waliziweka kwenye mchoro wa mtindo wa metro, wenye laini za rangi na vituo, na ghafla watu wakaona kitu ambacho walikuwa wakikipanda kila siku bila kukiona kizima: mtandao. Mwaka uliofuata ukaingia kwenye Google Maps.

Weka ramani hiyo kando ya ile ya Cincinnati. Cincinnati walikuwa na ramani, majukwaa na ngazi, bila abiria. Nairobi walikuwa na abiria mamilioni bila ramani. Na ile picha ya matatu ilifichua hata udhaifu wake wenyewe: karibu kila laini inakimbilia katikati ya jiji, kwa hiyo mtu wa kutoka mtaa wa mashariki kwenda wa magharibi lazima aingie tao, ashuke, avuke, apande tena. Hakuna mtaalamu aliyehitajika kuambia watu hivyo. Walikuwa wanakijua kwa miguu yao. Sasa kilikuwa na rangi, na kitu chenye rangi unaweza kukiweka mezani mbele ya mtu wa kaunti.

Ndiyo maana huwa nawasukuma marafiki zangu wachoraji waanze na steji, sio na London. Mmoja wao ni wa Nakuru, ambako kwa bahati nzuri kuna mtaa unaoitwa London, na amenichosha na huo utani. Ramani yake ya kwanza ilikuwa na laini sita na mzunguko mmoja, kama kawaida ya vijana. Nilimwambia aangalie mji wake. Kaskazini kuna Menengai. Kusini kuna mbuga na ziwa. Mji umebanwa katikati kama nyama kwenye chapati, ukavutwa kufuata barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret. Jiografia imemfanyia bure kile ambacho Curitiba walitunga sheria kukipata. Mzunguko wa nini?

Kisha tukapiga hesabu ambayo mchoro mzuri huwa hauionyeshi. Chukua watu 6,000 kwa saa moja ya asubuhi, wote wakielekea upande mmoja. Kwa matatu za abiria 14 unahitaji gari 429 ndani ya saa hiyo, moja kila sekunde nane, na hakuna steji duniani inayoweza kumeza hiyo. Kwa basi la watu 160 ni mabasi 38, moja kila dakika moja na nusu hivi. Kwa treni ya watu 1,000 ni treni sita, na hapo ndipo treni inaanza kukusaliti, maana sita kwa saa ni kusubiri dakika kumi, na mtu wa Nakuru akisubiri dakika kumi ameshapanda boda. Mji wa wastani hauna watu wa kujaza treni kubwa mara kwa mara, na bila hiyo mara kwa mara hakuna metro, kuna ratiba tu.

Basi treni ikatoka kwenye mchoro. Kijana alinuna wiki nzima. Lakini toleo la sasa lina laini moja ya mabasi kutoka Njoro hadi Lanet kupitia mjini, yenye njia yake peke yake, na matawi mafupi ambayo matatu na tuktuk zinabaki kuyahudumia. Swali lililobaki ni Kaptembwo na Rhonda, mitaa iliyojaa watu wanaotembea kwenda kazini kwa sababu nauli inauma. Laini kuu haipiti humo. Ukiipinda ipite humo, kuna nyumba za kubomoa, na sasa kila anapovuta ule mstari kwenye skrini anaweka chini yake idadi ya paa alizohesabu kwenye picha za satelaiti. Ameanza pia kutafuta mahali pa gereji ya mabasi, kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye ramani yoyote ya kubuni, na kila ploti anayoipata ni ya mtu.